Siku za Bibi na Wajukuu: Ulezi, Lugha na Dharura katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya bibi katika ulezi wa wajukuu wadogo kwa siku kadhaa mfululizo katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia utaratibu wa kawaida wa maisha ya bahari hadi siku za kukimbia vita vilivyoanza Oktoba 2017. Hoja kuu ni kwamba ulezi huo haukuzuliwa na vita. Ulikuwapo katika kalenda ya bamvua na dago, na katika mfumo wa ukoo unaoipa nyumba ya upande wa mama uzito mkubwa. Vita viliukuta na vikautegemea, ilhali lugha ya uandikishaji wa wakimbizi wa ndani haikuwa na neno la kuutaja inavyostahili. Suala hilo, ambalo kwa kawaida huachiwa watu wa ustawi wa jamii, linahusu pia mjadala wa Kiswahili katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC).

1.0 Utangulizi

Machi 24, 2021, siku ya Jumatano, wapiganaji waliushambulia mji wa Palma, karibu na mpaka wa Msumbiji na Tanzania. Mapigano yalidumu siku kadhaa. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 26, kampuni ya Total ilitangaza kusimamisha mradi wake wa gesi katika rasi ya Afungi. Habari za dunia zilikaa sana kwenye hoteli moja walimokimbilia wageni na baadhi ya wenyeji, na kwenye msafara wa magari uliojaribu kutoka humo. Habari hiyo ni ya kweli na ya huzuni, lakini si habari ya watu wengi wa Palma. Wengi hawakuwa na gari wala nafasi katika meli. Waliingia msituni. Baadhi walielekea Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Wengine walitembea siku nyingi kwenda Nangade na Mueda, na wengine wakashika njia ya Ruvuma.

Walipofika, waandikishaji waliwakuta mamia ya watoto waliokuwa bila wazazi wao. Takwimu za namna hiyo husomwa haraka kama hesabu ya watoto walioachwa. Ukweli ni kwamba wengi wa watoto wa pwani hii, siku ambayo baba yuko baharini na mama yuko shambani au mwambani, huwa tayari wako mikononi mwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni bibi. Shambulio likitokea katikati ya mchana, familia hukatika palepale ilipokuwa imegawanyika kwa kazi. Bibi na wajukuu hukimbia upande mmoja, wazazi upande mwingine.

Utafiti wa Kiswahili katika Cabo Delgado umeshughulikia zaidi biashara, dini, mpaka na, tangu mwaka 2017, usalama. Katika taarifa za usalama Kiswahili hutajwa mara kwa mara kama lugha ya wapiganaji, kana kwamba kilivuka Ruvuma pamoja na silaha. Bibi anayekaa na wajukuu hayumo katika mjadala huo. Hilo ni pengo la ajabu kidogo, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua, kwa kuzungumza tu, ni lugha gani mtoto atakayoanza nayo.

2.0 Bamvua, dago na nyumba ya upande wa mama

Kutoka Quissanga na visiwa vya Quirimba hadi Quionga, maisha ya pwani hufuata mwezi. Mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hukupwa mbali sana. Hizo ndizo siku za bamvua. Mwamba na nyasi za bahari huachwa wazi kwa saa chache, na wanawake huteremka kuokota chaza, kome na kombe na kutafuta pweza. Kazi hiyo haiahirishwi. Ikipita bamvua, yanakuja maji mafu, na lazima kusubiri takribani wiki moja. Kwa hiyo kwa siku kadhaa mfululizo, saa za maji kupwa, kina mama wenye nguvu wako mwambani, na watoto wadogo wasioweza kutembea juu ya mawe makali hubaki mjini au kijijini. Anayebaki nao ni yule ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuteremka.

Wanaume nao wana mgawanyo wao. Wavuvi wa pwani hii, kama wenzao wa Mafia na Unguja, huenda dago: huhamia visiwani au ufuo wa mbali kwa muda, hujenga vibanda, huanika samaki na kurejea upepo unapogeuka au samaki wanapopungua. Safari moja inaweza kuchukua wiki kadhaa. Katika baadhi ya familia mke humfuata mumewe kupika na kukausha samaki, na hapo watoto huachwa kwa bibi usiku na mchana. Bibi huwalisha, huwapeleka chuoni kusoma Kurani, huamua ugomvi wao, na huwalaza. Hakuna anayeona jambo hilo kuwa pungufu ya malezi, kwa sababu limo katika kalenda kama kusi na kaskazi zilivyomo.

Kinachofanya ulezi huu uwe imara ni mfumo wa ukoo. Wamakonde na Wamakua, ambao ndio majirani na mara nyingi wakwe wa Wamwani, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Wamwani wenyewe, kwa Uislamu na kwa mahusiano yao marefu na Kilwa, Zanzibar na Visiwa vya Ngazija, wamehifadhi nasaba za upande wa baba, hasa katika familia zenye jina. Lakini nasaba ya kwenye karatasi ni jambo moja na nyumba anamolala mtoto ni jambo jingine. Liazzat Bonate, katika kazi zake kuhusu Waislamu wa kaskazini mwa Msumbiji, ameonyesha jinsi ukoo wa upande wa mama ulivyoendelea kuishi pamoja na Uislamu kwa karne nyingi, bila mmoja kuufuta mwingine. Matokeo yake katika maisha ya kila siku ni rahisi kuyaona: ndoa ikivunjika, mwanamke hurudi kwa mama yake pamoja na watoto wadogo, na mama huyo hahitaji kuombwa.

Uhusiano wa bibi na mjukuu una lugha yake. Mzazi huamrisha, bibi hutania. Katika sehemu kubwa ya Uswahilini bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, akamtania kwamba hajamletea kitoweo, na mjukuu wa kike akawa mke mwenza wa kugombana naye. Mtoto wa miaka minne hujifunza hapo kujibu kwa wakati, kugeuza maneno, kutambua mzaha na kujua mpaka wake. Wataalamu wa fasihi simulizi wameusifu sana usiku wa hadithi. Pengine wameutazama mno usiku na kuusahau mchana wa utani, ambao ndio mrefu zaidi na ndio unaomfanya mtoto kuwa msemaji. Pia ipo desturi, inayojulikana pwani nzima, ya kumpa mtoto jina la babu au bibi yake, ili vizazi viwili vilivyoachana viitane kwa jina moja. Desturi hiyo itarudi mbele, mbele ya meza ya mwandikishaji.

Lugha anayoipokea mtoto katika siku hizo inategemea mahali. Kuanzia Ibo, ambao wenyeji huuita Wibu, hadi Mocímboa da Praia, lugha ya bibi huwa ni Kimwani. Palma na Quionga Kiswahili chenyewe kina wazungumzaji wa kuzaliwa nacho, na Shimakonde hakiko mbali. Wanaisimu wamebishana kuhusu uhusiano wa Kimwani na Kiswahili: msamiati unafanana sana, lakini Nurse na Hinnebusch (1993), katika kazi yao kubwa juu ya lugha za Kisabaki, waliona sarufi yake ina mambo yanayoizuia kuingizwa moja kwa moja katika kundi hilo. Petzell (2002) aliieleza kama lugha yenye mfumo wake. Kwa bibi wa Palma aliyeolewa na Mmwani wa Musimbwa mjadala huo hauna uzito mkubwa. Yeye huzungumza na wajukuu kwa lugha zote mbili, na watoto hufahamu lini atumie ipi.

3.0 Kutoka Tungi hadi vijiji vya jumuiya

Pwani hii imekimbia mara nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mashua za wavamizi kutoka Madagaska zilishambulia visiwa vya Quirimba na miji ya pwani, na watu wakakimbilia bara. Mwaka 1887 Wareno waliutwaa Tungi, yaani ghuba ya Palma ya leo, kutoka katika himaya ya Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa mizinga ya baharini. Pembetatu ya Kionga ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikachukuliwa na Wareno mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Mkataba wa Versailles ukaithibitisha kwa Ureno mwaka 1919. Barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zilizohifadhiwa Maputo, ambazo Chapane Mutiua amezitafiti kwa kina, zinaonyesha masheikh na watawala wa pwani wakiandikiana na Wareno kuhusu mamlaka, biashara na vita. Ziliandikwa na wanaume wenye vyeo kwa wanaume wenye vyeo, na mtoto haonekani humo ila akiwa mrithi au mateka.

Kampuni ya Nyassa, iliyotawala eneo hili kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929, iliwakumbuka watu wa pwani kwa kodi ya kibanda na kazi ya kulazimishwa. Baada yake dola ya Ureno iliwakabidhi wamisionari Wakatoliki shule za wenyeji kwa makubaliano ya mwaka 1940 na Vatikani. Kwa familia ya Kiislamu ya Wibu au Quissanga, shule ilikuwa na maana ya kubatizwa au kutiliwa shaka. Wengi waliwaacha watoto katika vyuo vya Kurani. Hapa ndipo chanzo cha jambo linaloonekana leo: mwanamke aliyezaliwa pwani miaka ya 1940 au 1950, ambaye sasa ni bibi au mama wa bibi, anaweza kuwa anasoma herufi za Kiarabu na hajui Kireno. Nchi ilipopata uhuru Juni 25, 1975, zaidi ya tisa katika kila watu kumi nchini Msumbiji walihesabiwa kuwa hawajui kusoma na kuandika, hesabu ambayo kwa kawaida haikuihesabu hati aliyoisomea mwanamke huyo.

Vita vya ukombozi vilianza Septemba 25, 1964, kwa shambulio la Chai, katika eneo la Macomia. Maelfu walivuka Ruvuma kuingia Mtwara na Lindi, ambako makazi ya Rutamba yalifunguliwa kwa ajili yao. Waliobaki walikusanywa na jeshi la Ureno katika vijiji vya ulinzi. Upande wa FRELIMO, Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971, aliongoza kazi ya ustawi wa jamii na kusaidia kuanzisha vituo vya watoto wa vita katika maeneo yaliyokombolewa. Vituo hivyo vilikuwa na lengo jema na vilifanya kazi iliyohitajika. Lakini viliingiza pia wazo jipya: kwamba mtoto wa mapinduzi alelewe na taifa, mbali na mila. Baada ya uhuru wazo hilo lilipanuka katika vijiji vya jumuiya, ambavyo Cabo Delgado ilikuwa navyo kwa wingi. Unyago, jando, ukoo wa upande wa mama na mamlaka ya wazee viliwekwa katika kapu moja lililoitwa ujinga wa kale. Bibi akawa mtu wa kuelimishwa. Wakati huohuo kila mama aliyehudhuria mkutano wa kijiji kumpinga bibi alikuwa amemwachia bibi watoto ili aweze kuhudhuria.

4.0 Siku za 2020 na 2021

Vita vya sasa vilianza Mocímboa da Praia usiku wa kuamkia Oktoba 5, 2017. Aprili 25, 2019, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ileile na kubomoa nyumba za Ibo na Macomia. Machi 2020 wapiganaji waliingia Mocímboa na Quissanga. Agosti mwaka huo waliuteka mji wa Mocímboa na kuushikilia hadi Agosti 2021, ulipokombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Kufikia mwaka 2022 waliohamishwa na vita walizidi milioni moja, katika mkoa ambao sensa ya 2017 iliupa takribani watu milioni 2.3.

Oktoba 2020 maelfu ya watu walishuka kutoka majahazini katika ufuo wa Paquitequete, mtaa wa kale wa Waislamu mjini Pemba. Walitoka vijiji vya pwani ya Macomia na Quissanga na visiwani, baada ya siku kadhaa za safari, wengine wakiwa na njaa na kiu. Walalao ufuoni walikuwa wengi, lakini wengi zaidi waliingia katika nyumba za jamaa na wenyeji. Msaada mkubwa kuliko wote katika dharura hii ulitolewa na nyumba za watu. Paquitequete huzungumza Kimwani. Bibi aliyefika hapo na wajukuu aliweza kuuliza ukoo, kutaja kisiwa, kutaja jina la nahodha, na baada ya maulizo machache akapata mlango. Aliyeendelea hadi Metuge, Ancuabe au Chiúre aliingia katika nchi ya Emakhuwa, na hapo mjukuu wa miaka saba alianza kuwa mkalimani wake. Mpangilio wa ulezi uligeuka: mtoto ndiye aliyejua neno la maji, neno la foleni, neno la zahanati.

Siku za msituni baada ya shambulio la Palma zilikuwa na ugumu wa aina nyingine. Kukaa kimya na watoto wadogo kwa siku nyingi, bila moto wala chakula cha kupika, ni kazi inayotegemea utii wa mtoto, na utii wa mtoto kwa bibi hujengwa na mazoea ya muda mrefu. Mtoto aliyezoea kulala kwa bibi wakati wa dago hakuanza mazoea mapya msituni, ila mahali tu ndipo palipobadilika. Sera za ulinzi wa mtoto, zinazoanza kuhesabu ulezi tangu siku ya maafa, huyaacha nje mazoea hayo yote.

5.0 Kwa sheria au kwa desturi

Mashirika ya kimataifa hutumia aina mbili za watoto walio bila wazazi. Mtoto aliyetenganishwa ni yule aliyetengana na wazazi wote wawili, au na mlezi wake mkuu wa awali wa kisheria au wa kidesturi, lakini pengine yuko na jamaa wengine. Mtoto asiye na mwangalizi ni yule aliyetengana na wazazi na jamaa wengine pia, na hayuko chini ya mtu mzima ambaye kwa sheria au kwa desturi anawajibika kwake. Tofauti hiyo inaamua mambo mazito: nani atafutiwe ndugu haraka, nani apelekwe katika familia ya kumpokea, nani aachwe alipo. Fasili zote mbili zinaegemea neno desturi. Kwa hiyo mtumishi aliye mezani hawezi kuzitumia sawasawa bila kujua desturi ya anayeandikishwa, na hawezi kuijua desturi bila lugha yake.

Fomu huandikwa kwa Kireno. Neno la Kireno «avó» humtaja mama wa baba au mama wa mama. Neno bibi, kwa mtoto wa pwani, humtaja huyo, na dada zake, na mara nyingi mke mwenza wake, na hata mwanamke wa rika hilo katika ukoo anayeishi ua mmoja nao. Kwa desturi wote hao wanaweza kuwajibika kwake. Mtoto akiulizwa huyu ni nani, atajibu bibi, na jibu lake ni la kweli. Swali la pili, je, ni mama mzazi wa mama yako, litamfanya asite, na kusita kwa mtoto mbele ya mtumishi ni jambo la hatari: kunaweza kusomeka kama dalili kwamba mwanamke huyu si mtu wake. Upo pia uwezekano wa kinyume. Mwanamke asiye na uhusiano wowote anaweza kuitwa bibi kwa heshima ya umri tu, na mwandikishaji akamkabidhi mtoto kwa kuridhika na neno. Hatari zote mbili zinatoka mahali pamoja, na haziondolewi na tafsiri ya neno kwa neno. Zinaondolewa na maswali ambayo Mmwani au Mswahili yeyote angeyauliza: nani alikuzaa mama yako, unalala kwa nani baba akienda dago, nani alikupeleka chuoni.

Halafu kuna majina. Mjukuu aliyepewa jina la bibi yake, na bibi aliyeandikishwa kwa jina hilohilo, huonekana katika orodha kama kosa la kurudia. Cheti cha kuzaliwa kimebaki katika nyumba iliyoungua. Jina la baba, ambalo fomu hulitaka kama jina la ukoo, huenda bibi wa upande wa mama akalitaja kwa namna anayoijua yeye, tofauti na ilivyo katika daftari la serikali.

Msumbiji haikukosa msingi wa kulitatua tatizo hili. Lugha za taifa ziliwekewa maandishi sanifu tangu semina za mwishoni mwa miaka ya 1980, na elimu ya lugha mbili ilipoanza rasmi mwaka 2003 ilizihusisha lugha 16, Kimwani na Shimakonde zikiwamo. Kiswahili hakikuwa katika orodha hiyo. Lakini maandishi sanifu yalikwenda darasani, hayakwenda katika ofisi ya uandikishaji, na wala hayakumfikia mwanamke anayesoma hati ya Kiarabu.

6.0 Kiswahili cha mpakani

Agosti 2019, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam, SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Msumbiji ni mwanachama. Miaka miwili baadaye, Julai 2021, jumuiya hiyohiyo ilipeleka kikosi chake Cabo Delgado, kikiwa na askari wa Tanzania miongoni mwao. Kilikaa hadi Julai 2024. Askari wa Rwanda nao walikitumia Kiswahili kuzungumza na wenyeji. Kwa hiyo lugha hii ilifika kwa bibi wa Palma kwa njia tatu zisizofanana: kama lugha yake, kama lugha ya waliomshambulia, na kama lugha ya askari waliomwuliza anatoka wapi.

Ya nne ni ngumu zaidi kuisema katika mkutano wa Kiswahili. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2021, kwa taarifa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, zaidi ya Wamsumbiji 9,000 waliokuwa wamevuka Ruvuma walirudishwa kutoka Tanzania kupitia Negomano. Waliovuka hawakuhitaji mkalimani. Wengi wao walikuwa na jamaa Mtwara, kama walivyokuwa nao wale wa mwaka 1964. Waliulizwa kwa Kiswahili na wakajibu kwa Kiswahili, na wakapandishwa magari. Negomano iko mbali sana na bahari. Familia zilizovukia upande wa Palma zilijikuta zimeshushwa bara, na wakati mwingine mtu mmoja wa nyumba hiyo akawa amebaki ng'ambo. Azimio la mwaka 2019 linazungumzia hati, mikutano na ukalimani wa viongozi. Halina kipengele kuhusu lugha ya kituo cha mpakani wala ya meza ya uandikishaji, na washauri wa sera wanaoandaa utekelezaji wake hawajachelewa kukiweka.

Tangu Palma na Mocímboa da Praia zianze kupokea tena watu wake, familia nyingi hazirejei kwa pamoja. Wazazi hutangulia kwa siku kadhaa kutazama nyumba, kulima kipande, kujaribu bahari, kisha hurudi kwenye makazi ya muda kuchukua chakula cha mgawo au kwa sababu ya usalama. Watoto hubaki makambini, wakiwa na bibi, kwa kuwa kadi ya chakula na shule viko huko. Siku ya kuhakiki orodha ikiangukia wakati huo, mwandikishaji hukuta mwanamke mzee mmoja na watoto watano, wawili wao wakiwa na jina lake.